Pimamaji

Fundi Mkude aligonga sakafu kwa kisigino,
akasikiliza kama daktari anayegonga mgongo.
"Hii imekufa, mama. Yote ing'oke.
Na hilo sanduku la samaki lipishe."

Lipishe. Lita mia nne na hamsini.
Lita moja kilo moja, Mkude, na hapo kioo sijakipima,
wala mchanga, wala mawe niliyookota mwenyewe Ujiji
mwaka ule reli ilipokatika tukalala Itigi siku mbili,
mimi na mfuko wa plastiki mapajani,
ndani yake Nundu, mdogo kama kidole gumba.

Akasema ataita vijana wa gereji,
walibebe hivyo hivyo, dakika moja.
Nikasimama mbele yake kama askari wa benki.
Tangi halibebwi na maji yake.
Maji yakiyumba, gundi ya pembeni huachia,
na ukisikia imeachia umeshachelewa.

Tukaanza alfajiri. Mpira mdomoni, nikavuta,
nikameza funda la maji ya miaka kumi na minne.
Pipa la kwanza, pipa la pili,
kisha ndoo za rangi nilizosugua wiki nzima bila sabuni.
"Mama, bomba si lile pale?"
Bomba lina dawa.
Haya ya manjano ndiyo nyumba yao, kioo ni ukuta tu.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Tabata Kimanga, Jumanne ile, tuliyazoa kwa kikombe
hadi yakabaki ya vifundoni,
kama samaki wangekuwa na vifundo.

Sponji ya chujio sikuiosha.
Niliilaza ndooni, imelowa, inanuka.
Humu, nilimwambia, wanaishi wasioonekana
wanaokula sumu ya wenzao usiku na mchana.
Akacheka: "Kama sisi mafundi."
Ndipo akauliza yupi wa kukaanga.

Nundu alikamatwa wa mwisho. Alinichapa mkia usoni.

Watu wanne, viganja chini ya kitako, si ukingoni,
tangi tupu likapita mlangoni,
vidole viwili huku, vidole viwili kule,
likalala juu ya godoro chumbani kwangu.
Pale lilipokuwa, sakafu ilikuwa bado nyekundu,
nyekundu ya siku tuliyohamia,
na juu ya wekundu ule, hereni.
Ile ya dhahabu.
Ile niliyomfukuzia Modesta, na mvua ikinyesha,
nguo zake ndani ya mfuko wa mchele.

Mkude alitazama patasi yake.
Niliiokota nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Saa nne usiku umeme ukakatika.
Mashine ya hewa ikanyamaza, na ukimya wake
ulikuwa mkubwa kuliko nyumba.
Nilichukua kikombe: chota, inua, mwaga kutoka juu,
maji yajipige, yavute pumzi.
Mkude, aliyelala juu ya mifuko ya saruji kulinda vifaa,
aliamka bila kuitwa, akashika jagi.
Yeye pipa lile, mimi pipa hili.
Chota, inua, mwaga.
Hatukuzungumza. Mara moja tu alisema, "Huyu mwenye nundu ananiangalia,"
na mara moja, karibu na saa kumi,
"Huyo Modesta alikuwa wa wapi?"

Siku ya nne marumaru yalikuwa yamekauka.
Aliweka pimamaji mahali pa tangi,
akainama, jicho moja amefumba.
Kiputo kikaenda kushoto, kikarudi, kikasimama.
Tulirudisha mchanga, mawe, kisha maji yale yale,
tukiyamimina juu ya sahani, taratibu, mchanga usishtuke.
Nundu alijificha nyuma ya jiwe la Ujiji
akagoma kula hata uduvi.

Nimepata namba ya shemeji yake Modesta, yule wa Kasulu.
Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya marumaru ya baridi.
Simu inaita.
Inaita.
Nundu ametoka kuangalia ni nani.